Olamuriaki na Mti wa Mishale

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kuliko hata siku niliyobatizwa. Ni siku niliyoteremshwa mlimani nikiwa nimefungwa mikono kwa kamba ya ngozi, nikitembea mbele ya watu walioamini kabisa kwamba mimi ni muuaji. Nilikuwa binti mdogo tu, mke wa pili, na kifua kinauma kwa maziwa kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Kaa hapa karibu yangu. Weka hiyo simu chini, haitakimbia. Kwanza nikueleze habari ya miti miwili, maana bila hiyo hutaelewa lolote.

Sisi Waarusha tuna kichaka tunachokiita olamuriaki. Umekula matunda yake ulipokuwa mdogo, yale meusi matamu yanayoacha utomvu wa kunata midomoni, na mama yako akakufokea kwa kuchafua nguo. Kina miiba mirefu iliyonyooka na majani madogo yanayong'aa. Mzizi wake ukiuchimba unanukia vizuri, na ukichemshwa pamoja na nyama unampa nguvu mtu aliyeishiwa damu. Sasa kichaka hicho kina ndugu yake, mti mwingine. Ua la yule ndugu ni lile lile: jeupe, lenye wekundu kidogo kwa nje, limejikusanya vishada vishada, na harufu yake tamu inawaita nyuki kutoka mbali. Ukiukata unatoka utomvu mweupe kama mwenzake, na tunda lake nalo likiiva huwa jeusi. Lakini hauna mwiba hata mmoja, jani lake ni nene na gumu, na mzizi wake haunukii. Wazee waliuchemsha mpaka maji yakawa mazito kama lami, wakapaka kwenye mishale yao, na nyati aliyechomwa mshale huo hakufika mbali. Kwa lugha yetu ni olmorijoi. Mimi nitauita mti wa mishale ili usichanganye majina, maana watu wamekufa kwa kuchanganya.

Hayo yalitokea enzi za Mwingereza, baada ya vita vile vikubwa. Tulikaa mlimani juu ya mji, kwenye migomba na kahawa, na mume wangu aliitwa Lomayani. Alikuwa mtu mpole, asiyepiga wake zake, jambo ambalo siku hizo lilisemwa kama kituko. Mke wake mkubwa aliitwa Nashipai. Sitakudanganya kwamba mimi na Nashipai tulipendana kila siku. Tuligombania maji ya mfereji, tuligombania kuni, na tuligombana kuhusu mbuzi wa nani kaingia kwenye maharage ya nani. Lakini nilipojifungua mimi, yeye ndiye aliyenikanda, na yeye ndiye aliyelala na mtoto wangu kifuani niliposhikwa na homa. Majirani hawakuyaona hayo. Walichokiona ni sisi wawili tukitupiana maneno mferejini, siku chache kabla Nashipai hajajifungua, nikamwambia kwa sauti kwamba nitapumzika siku atakayoondoka pale nyumbani. Maneno ya hasira, mwanangu. Kila mke mwenza ameyasema.

Nashipai alijifungua mtoto wa kike, akatokwa na damu nyingi mno. Uso wake ulikuwa umepauka, na hakuweza kukaa bila kushikwa. Lomayani akachinja kondoo dume, kama desturi inavyotaka, kisha akashika jembe na panga aende kutafuta mzizi wa olamuriaki kwa ajili ya supu.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Mwanamume akileta mzizi huuleta umefungwa pamoja na tawi la kichaka alichokichimba. Anaweka mzigo mlangoni, na mwanamke mkubwa wa nyumba anakagua tawi kabla mzizi haujaingia chunguni: anagusa miiba, anatazama majani, ndipo anaruhusu. Utaratibu wa pili ni kwamba supu ya mzazi hupikwa na mke mwenza, na mke mwenza haruhusiwi kuionja. Ni ya mzazi peke yake mpaka aseme ameshiba. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na hakuna aliyedhurika.

Ila miaka yote hiyo mizizi ilichimbwa kwenye kilima kilichokuwa juu ya nyumba yetu, ambako kila kichaka kilijulikana kama ng'ombe wa nyumbani. Mwaka ule kilima hicho kilikuwa tayari ni shamba la mzungu. Waya ulizungushwa, walinzi wakawekwa na mbwa, na mtu aliyeingia kuchimba mzizi aliitwa mwizi. Kwa hiyo Lomayani akashuka mpaka chini kabisa, upande wa kuelekea Njiro. Pale mnapojenga kuta na mageti leo palikuwa vichaka na mawe, na sisi wa mlimani hatukupajua vizuri. Alienda mbio akarudi mbio, kwa sababu alimwacha mkewe hawezi hata kuinua kikombe. Alirudi na mzigo wa mizizi, na juu yake tawi zuri la olamuriaki lenye miiba na maua. Mama mkwe, ambaye ndiye mwanamke mkubwa wa nyumba yetu, akaligusa, akachomwa kidole, akacheka. Akasema, "Huu ndio wenyewe."

Nikapika; habari ya harufu ya mzizi nilikuja kuijua baadaye. Asubuhi yake nikamimina supu kwenye kibuyu, nikampelekea Nashipai, na mama mkwe amekaa pembeni yake.

Nashipai akanywa kidogo, akakunja uso. "Leo ni chungu sana," akasema.

Mama mkwe akamwambia, "Supu ya mzazi haikataliwi. Kunywa, mwanangu, upate damu."

Akanywa. Alikuwa mtu wa kutii. Akamaliza kibuyu chote, na kabla jua halijafika juu alianza kutapika. Akasema moyo wake unasimama na kuondoka, unasimama na kuondoka. Nilimshika mimi. Alikuwa baridi na analowa jasho, na macho yake yalinitazama kana kwamba ana swali la kuniuliza. Alasiri ile akafa mikononi mwangu, na mtoto wake amelala pembeni hajapewa hata jina.

Sijui kama umewahi kuona watu wakibadilika mbele yako. Kwa muda mfupi tulikuwa tunalia wote pamoja. Kisha mama mkwe akanyamaza, akaninyooshea kidole, akasema, "Amepika huyu." Basi ikaisha. Tawi liliingia ndani likiwa zuri, kila mtu aliliona, kwa hiyo sumu haikutoka porini. Mpishi ni mimi. Kuonja sikuonja. Na maneno ya mferejini kila mtu aliyakumbuka, hata wale ambao hawakuwepo. Nikiwaza sasa, mama mkwe alihitaji mtu wa kumlaumu haraka sana, maana yeye ndiye aliyesema kunywa. Wakati huo sikuwaza lolote. Nilipigwa fimbo, nikavuliwa shanga zangu, nikafungiwa kwenye zizi la ndama. Vijana wakasema kesho nitapelekwa bomani kwa serikali, na kwa Mwingereza aliyeua ananyongwa.

Lomayani alikuja akasimama nje ya zizi. Nikamwambia, "Baba wa mtoto wangu, unanijua." Akageuka akaenda zake. Alikuwa mtu mpole, nimeshakwambia, na upole wake siku ile haukunisaidia kitu.

Lakini kilichonitesa si fimbo, mwanangu. Ni kile kitoto. Pale nyumbani hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa akinyonyesha isipokuwa mimi. Wangu niliruhusiwa kumnyonyesha. Wa Nashipai walikataa hata nisimguse, wakisema nitammalizia. Wakamlowanishia kitambaa kwa maziwa ya ng'ombe, akanyonya akatapika. Nilimsikia akilia kwa nguvu, kisha akilia kwa unyonge, na kesho yake asubuhi ikawa sauti ndogo tu ya kukwaruza. Maziwa yangu yalikuwa yanamwagika kila akilia, yanalowanisha nguo, na mimi nimefungwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikawaambia waninyonge baadaye, kwanza mtoto anyonye. Hakuna aliyefungua.

Asubuhi hiyo akafika mama yake Nashipai. Alikuwa mjane kutoka kilima cha pili, mrefu, mkavu, na kila mtu alijua kwamba binti yake alikuwa mmoja tu. Nikasema moyoni, sasa nimekwisha. Aliingia ndani kumwona marehemu, akakaa huko, akatoka bila machozi. Akauliza mzizi uliobaki uko wapi. Akaletewa. Akaupasua kwa meno, akaunusa, akatema chini.

"Huu siyo olamuriaki," akasema.

"Ndivyo tunavyosema," mama mkwe akajibu upesi. "Huyu kaubadilisha. Tawi tulilikagua sisi wenyewe."

"Nani alichimba?"

"Ni mimi, mama," Lomayani akasema.

"Basi nipelekeni nikaone shimo."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akamwambia, kwa heshima, kwamba yeye amefiwa, akae apumzike, mambo mengine awaachie wazee. Yule mama akamgeukia. "Marehemu nimemzaa mimi," akasema. "Ninyi mnamjua mtu aliyegombana naye. Mimi nataka kujua kitu kilichomuua. Kama shimo liko chini ya olamuriaki, huyu binti aliubadilisha, na mimi mwenyewe nitamfikisha bomani. Nipeni mjukuu wangu nimbebe."

Ndivyo nilivyoteremka mlimani mikono imefungwa, na mtoto wangu mwenyewe nimemwacha kwa shangazi yake. Mbele yangu walitangulia Lomayani na mama mkwe, nyuma yangu yule mama wa Nashipai, na mgongoni mwake kile kitoto ambacho kilikuwa hakilii tena. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama kama kichwa bado kinasogea. Mtu mmoja akanisukuma na kusema nimeshamroga.

Kichaka tulikiona kutoka mbali kwa weupe wake. Kilikuwa kikubwa kama nyumba, maua matupu, nyuki wanavuma, na harufu yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Shimo lilikuwa bado na udongo mbichi. Juu yake palionekana mahali Lomayani alipokata tawi, na miiba imezunguka pale pale juu ya shimo. Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Shimo hili hapa, miiba hii hapa, mnataka nini tena? Mjomba wa Lomayani akavuta kamba yangu turudi.

Yule mama hakugeuka. Alipeleka mkono ndani ya kichaka, akakamata kile kipande cha tawi kilichobaki baada ya kukatwa, akaanza kukifuata kuelekea chini kwa kiganja chake. Hakukiachia. Tawi lilipanda kidogo, likalala juu ya panda ya shina nene, likapita upande wa pili, likajipinda kwenye jiwe. Miiba ilimchana, tukaona damu inateremka mpaka kwenye kiwiko, na yeye anasogea nayo tu, amepiga magoti, kile kitoto mgongoni. Mwishowe mkono ukafika ardhini nyuma ya jiwe, mbali na shimo. Udongo wa pale ulikuwa mkavu na mgumu. Hakuna jembe lililogusa mahali pale.

Kisha akarudi shimoni akashika lile shina nene. Lilikuwa laini. Akalipapasa kutoka chini mpaka kwenye majani, na hakukutana na mwiba hata mmoja. Akachuma jani moja nene, akamkabidhi Lomayani.

Ilikuwa miti miwili, mwanangu. Imeota pamoja na kukumbatiana, olamuriaki imepanda juu ya mti wa mishale, imechanua siku zile zile ua lile lile. Lomayani alikata tawi la mmoja akachimba mzizi wa mwingine. Kwa haraka yake na hofu yake ya kumpoteza mke, aliona ua, aliona mwiba, akapiga jembe kwenye shina lililokuwa karibu.

Lomayani alikaa chini palepale kwenye udongo wa lile shimo, akawa anageuza lile jani mkononi, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

Yule mama alisema maneno machache, na ndiyo maneno niliyoyabeba maisha yangu yote. "Mlikagua tawi mkaridhika, hamkukagua lilikotoka. Kisha mkamwona mke mwenza, mkaridhika vilevile." Akanisogelea. Kamba ilikuwa imekaza, akaifungua kwa meno, damu yake ikanipaka mikono. Akamtoa mjukuu mgongoni, akaniwekea kifuani. "Mnyonyeshe," akasema. "Mwanangu amekwenda, huyu asiende."

Nilikaa pale chini, karibu na shimo, mbele ya watu walionipiga. Mtoto hakuwa na nguvu ya kushika. Nikamkamulia mdomoni, tone kwa tone, na yule mama ameshikilia kichwa chake kidogo. Muda mrefu hakumeza. Kisha akameza. Hapo ndipo yule mama alipolia, na kilio chake sijasikia tena kilio kama kile.

Mtoto aliishi. Nilimlea pamoja na wangu, titi moja huyu titi moja yule. Shanga zangu nilirudishiwa. Radhi sikuombwa na mtu yeyote, ila mama mkwe alikuwa ananiletea maziwa mlangoni kila asubuhi, anaweka kibuyu na kuondoka kabla sijatoka nje, mpaka alipozeeka asiweze tena kutembea.

Lomayani hakupona. Alianza kushuka na panga kule chini kukata mti wa mishale popote alipouona. Mwanzoni tulimsifu. Baadaye akawa anakata hata olamuriaki, anakata kila kichaka chenye ua jeupe, anarudi mikono imejaa utomvu na damu, hali chakula. Siku moja nilikuwa nachambua maharage, mama mkwe ameketi karibu, akaja akasimama mbele yangu. Akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu msiba. "Siku ile, Nashipai alisema supu ni chungu?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa.

Nikamwambia, "Hapana. Alikunywa vizuri, akakushukuru."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipobatizwa, mchungaji aliniuliza kama nina uongo wa kutubu, nikamtajia wa mfereji, wa mbuzi na wa maharage. Huo sikuutaja, na sitautaja.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana sina nguvu ya kuisema kila siku. Porini usichimbe mzizi wowote ambao hukuufuata kwa mkono wako kutoka kwenye jani mpaka kwenye udongo. Usiseme ua nalijua. Na kwa watu fanya hivyohivyo. Ukiletewa habari ya mtu aliyeharibu, na habari yenyewe imekamilika, ina sababu, ina mashahidi, ina ugomvi wa jana, hapo ndipo uogope zaidi. Omba upelekwe kwenye shimo. Fuata lile tawi mpaka mwisho hata kama litakuchana, na wenzako wakikwambia turudi, usirudi nao. Na ukishaujua ukweli, angalia unampelekea nani na wa kufanyia nini. Ukweli wa shimoni uliniokoa mimi na mtoto. Ule mdogo uliobaki, wa supu chungu, ungemmaliza tu mwanamume aliyekuwa amekwisha tayari.

Sogeza kichwa nikutemee mate ya baraka, na usikunje uso, babu zako wote walibarikiwa hivi. Mungu akupe watoto na akupe maziwa ya kuwatosha. Akupe subira ya kupiga magoti kwenye miiba kwa ajili ya mtu usiyempenda. Na ikitokea siku umefungwa mikono bila kosa, basi kati ya wote wenye haki ya kukuchukia, amlete yule mwenye uchungu kuliko wote, akubali kwanza kwenda kutazama. Amina.